Herufi ya Katikati

Bathia Imlach ndiye aliyeandika majina ya mashua zote za Portlonie kwa miaka thelathini na minne. Mimi nilikuwa fundi wa kalafati katika karakana hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kushindilia nyuzi na lami katikati ya mbao za chombo kipya, na nikimaliza yeye hunifuata na kopo lake la rangi nyeupe. Kwa hiyo yaliyomfika mwaka wa 1894 mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki alinieleza mwenyewe, kidogokidogo, maana hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kazi ile aliirithi kwa baba yake, mzee ambaye mikono ilianza kumtetemeka kabla ya wakati. Wavuvi hawakuipenda habari hiyo. Sisi watu wa pwani hii ya Uskochi, mwanamke akikukatiza njia ukienda chomboni, unarudi nyumbani ukalale. Baharini nguruwe hatajwi. Kasisi naye hatajwi. Huitwa yule wa koti jeusi, na aliyeteleza ulimi hukimbilia kushika chuma. Sasa mwanamke apande ngazi, aiguse omo, pua ya chombo, kwa mkono wake? Wakatafuta dawa. Wakati Bathia anaandika jina, nahodha mwenye chombo humpa mgongo mpaka amalize.

Naye huwachokoza. "Geuka, baba, nimemaliza. Mbona hujafa?"

Mumewe alikuwa Gilbert Imlach, na jina lake la utani lilikuwa Siki. Kijijini kwetu nusu ya watu ni akina Imlach, kwa hiyo kila nyumba ina jina la utani, na lake alilipata kwa haki. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakupiga mke. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeng'ata ndimu tangu utotoni. Siku ya harusi yake mwenyewe alimfuata mpiga fidla akamwambia anapiga mbio mno. Kanisani alichezesha midomo tu, sauti haikutoka. Alikuwa na kisu chenye mpini wa pembe ambacho hata mkewe hakuruhusiwa kukatia mkate. Waliishi hivyo miaka kumi na sita, hawakujaliwa mtoto, na Bathia hakulalamika kwa mtu.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Eben Hosken, fundi mkuu wetu. Alikuwa mtu wa Konwoli, kusini kabisa mwa Uingereza, na ufundi alijifunza katika karakana za manowari. Alikuja kwetu mwaka 1874, akaoa kwetu, akamzika mke kwetu. Alikuja pia na neno lake. Kila ubao ulipopikwa kwa mvuke, ukapindwa na kupigiliwa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, Hosken alipitisha wembe mwembamba kwenye maungio. Wembe ukikataa kupita, alichukua chaki akaandika juu ya ubao: FAY. Kwa mafundi wa meli maana yake ni kwamba mti umekaa juu ya mti mwenzake barabara, hakuna upenyo.

Siku ya kwanza alipolitamka neno hilo kwa sauti, watu waliweka nyundo chini, na wawili walitoka nje ya karakana.

Maana kwetu tuna neno letu, sauti ni hiyohiyo moja, fei, ila huandikwa kwa E: FEY. Hilo halihusu mbao. Ni mtu ambaye mauti yamekwisha kumwita na yeye hajui. Tena dalili yake si ugonjwa wala huzuni. Dalili yake ni furaha. Bahili hugawa vitu, mkali huwa mpole, asiyeimba huimba, na wazee wakimwona hawamwambii kitu. Humtazama tu, kisha huulizana kwa macho.

Bathia wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, anamshikia baba yake kopo la rangi. Ni yeye aliyewatuliza watu. Alichukua chaki akaandika maneno yote mawili kwenye kipande cha ubao, moja chini ya jingine. "Hili lenye A ni la fundi," akasema. "Hili lenye E ni letu. Si kitu kimoja." Bibi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akalifuta lile la pili kwa aproni yake, akatema mate, akaenda zake. Tangu siku hiyo Hosken hakulitamka tena. Aliliandika tu, nasi tukazoea, miaka ishirini.

*

Mwaka ule tulikuwa tunamjengea Siki mashua. Alhamisi moja ya katikati ya Mei, asubuhi, Hosken aliingia ndani ya chombo kukagua mbao za nyuma, zile zilizo chini ya mahali anapoketi nahodha. Siki aliingia naye. Mimi nilikuwa nje napasha lami moto.

Baada ya muda Siki akatoka, anacheka.

Lazima nieleze vizuri. Niliishi hatua chache kutoka kwa mtu yule maisha yangu yote na sikuwahi kukisikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, kama cha mtu anayetekenywa. Akajifuta machozi.

"Kuna nini, nahodha?" nikamwuliza.

"Mzee amenichekesha," akasema.

"Amesema nini?"

Akanipiga bega, akaenda zake akicheka njia nzima mpaka kona ya kanisa.

Robo saa ikapita, Hosken hatoki. Nikapanda ngazi. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye mbavu ya chombo, mdomo umevutwa upande mmoja, chaki ingali mkononi. Kiharusi. Mbele yake kwenye ubao palikuwa na herufi F na herufi Y, na katikati yake kiganja chake kilikuwa kimeteleza wakati anaanguka. Herufi ya katikati ilikuwa imefutika, umebaki mstari mmoja tu upande wa kushoto.

Tulimbeba kwake. Adhuhuri Bathia akaja na taa, akaingia chomboni kutazama. Hakuna aliyejua herufi kama yeye. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, Wull Runcie, msaidizi wa Siki baharini, akamwuliza, "Haya, dada. Ni ipi?"

"Mstari umelala kidogo," akasema Bathia.

"Basi ni mguu wa A."

"Hosken hata E zake zinalala."

Wull akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshikilia msumari. "Dada, yule mzee ameandika A miaka ishirini. Leo ataandika E kwa nini?"

Bathia akaizima taa.

*

Kuanzia siku hiyo Siki akawa mtu mwingine. Aliwaamkia watu barabarani kabla hawajamwamkia. Kile kisu cha mpini wa pembe alimpa Wull, akamfungia kiunoni kwa mikono yake. Alikwenda kwa ndugu yake James, ambaye hawakusemezana miaka tisa kwa ajili ya nyavu, akapiga magoti jikoni kwake akamwomba radhi, James akalia kama mtoto. Asubuhi alinyoa ndevu akiimba. Alimletea Bathia utepe wa kijani wa hariri, akamfunga mwenyewe kwenye nywele, vidole vile vinene vinahangaika na fundo.

Kijiji kilifurahi, watu wa makamo hasa. "Siki kageuka asali," walisema. Wanawake waliokuwa wakisafisha samaki walimsimamisha Bathia njiani. "Shoga, umempikia nini? Tugawie na sisi, wetu wamechacha." Wakaangua kicheko. Vikongwe waliokuwa nyuma yao hawakucheka. Waliinamia visu vyao.

Jioni moja mezani, wakila samaki wa heringi na viazi, Bathia akamwuliza, "Gilbert, unaumwa?"

"Umeshawahi kuniona mzima hivi?"

"Ndicho kinachonitisha."

Akaweka uma chini, akamtazama. Bathia aliniambia kwamba hilo ndilo lililomzidia, kutazamwa. "Macho yako yana madoa ya kijani," mumewe akasema. "Miaka kumi na sita, sijayaona. Nilikuwa natazama wapi?"

"Hosken alikwambia nini mle ndani?"

Siki akaanza kucheka kile kicheko chake chembamba. Alicheka mpaka akaegemea meza, na Bathia akaondoa sahani.

Kesho yake alikwenda kwa Hosken. Mzee alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, anatunzwa na jirani yake, mjane mmoja aliyeitwa Eppie Wiseman. Upande wa kulia ulikuwa umekufa wote. Akili ilikuwepo, ilionekana machoni.

"Fundi," Bathia akasema, "uliandika nini?"

Mzee akahangaika na mdomo wake. Kisha likatoka neno, neno pekee alilokuwa amebaki nalo. "Fei," akasema. Akarudia. "Fei. Fei."

Sauti ni moja. Bathia alikuwa ametegemea hivyo, akatoa kibao cha kuandikia alichokuja nacho, akaandika A upande wa kushoto na E upande wa kulia, kubwa, nzuri, kama anaandika kwenye omo. Akakishika mbele ya uso wa mzee. "Nionyeshe tu. Mkono wa kushoto unao."

Hosken alikitazama kibao kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye blanketi, ukaja polepole, kidole kimenyooka. Ukaipita A. Ukaipita E. Ukaendelea mpaka ukaelekea dirishani, ukasimama.

Bathia akageuka. Nje, barabarani, Siki alikuwa anapita, kichwa wazi, kofia mkononi. Akamwona mkewe dirishani, akampungia mkono, akatabasamu.

"Anataka dirisha lifunguliwe," Eppie akasema kutoka jikoni. "Siku zote anafanya hivyo, anapenda hewa. Lifungue kidogo, mwanangu."

Bathia hakulifungua. Alikuja karakana moja kwa moja, akanikuta nakula.

"Watt, nitolee ule ubao."

"Upi?"

"Unaujua. Nione kama kweli umekaa."

"Bathia, ule ubao umeshapigiliwa, umeshajazwa. Na mwenye chombo ni mumeo. Atasema nini?"

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, sikumwona alivyofika. "Mtolee," akasema, na akaniletea nyundo mwenyewe. "Mtolee moyo wake utulie." Akakaa juu ya gogo, akapiga mluzi wimbo wa harusi muda wote nilipokuwa nang'oa misumari.

Tuliutoa ule ubao tukaugeuza juani. Nimeona kazi nyingi za mikono. Sijaona nyingine kama ile. Mti ulikuwa umekaa juu ya mti hata mishipa ya mwaloni wa mataruma ikaacha alama yake kwenye ubao, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka. Hapakuwa na ufa, wala mdudu, wala fundo bovu. Wull Runcie akashusha pumzi. "Haya, tumeona. Ni A."

"Kwa ubao, ndiyo," Bathia akasema.

Tuliurudisha, nikaujaza upya. Nilishindilia nyuzi mara mbili ya kawaida, na sikuona aibu.

*

Mwanzoni mwa Julai heringi walianza kusogea, na chombo kilikuwa tayari kwa jina. Kiliitwa Tawi la Mavuno. Bathia alipanda ngazi asubuhi yenye jua, akachovya brashi, akangoja Siki ageuke.

Siki hakugeuka.

"Nipe mgongo, Gilbert."

"Nataka kuona unavyofanya."

"Nakuomba. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Mke wangu anaandika jina la chombo changu, nami nimpe mgongo?" Akavuka mikono, akasimama pale, anatabasamu. Hakuna nahodha aliyewahi kufanya hivyo. Mafundi wakaanza kutafuta kazi upande wa pili wa karakana, na mimi pia nilikwenda kukoroga lami isiyohitaji kukorogwa. Aliitazama kila herufi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Bathia aliniambia alihisi shingo yake inapata baridi, mahali pale pale macho ya mumewe yalipotua.

Usiku wa kuamkia safari alijaribu kwa mara ya mwisho. "Mwache Wull aende nayo safari ya kwanza. Wewe nenda ya pili."

"Ya kwanza, ya pili, kuna tofauti gani?" akasema kwa upole. Upole ule, Bathia alisema, ulikuwa kama mlango usio na kitasa. Angekuwa Siki wa zamani, Bathia angegombana naye, pengine angemshinda. Huyu hakuwa na mahali pa kumshika.

Safari ya kwanza walirudi na samaki tele. Ya pili vivyo hivyo. Watu wakaanza kumtania Bathia, naye akaanza, kidogo, kulala.

Safari ya tatu ilikuwa Jumanne. Aliyenisimulia ni Wull, na alinisimulia mara moja tu. Jua lilikuwa limetoka, bahari imetulia kama mafuta kwenye sufuria iliyopoa. Upepo hakuna. Watu sita walikuwa wanavuta nyavu, migongo yao kwa nahodha, na nahodha ameketi kwenye usukani anaimba. Ulikuwa wimbo wa harusi, una beti nyingi. Wull alisema wimbo haukukatika. Uliishia penye mwisho wa ubeti, kama inavyopasa, na wao wakangoja ubeti unaofuata.

Haukuja. Wakageuka. Usukani ulikuwa unayumba wenyewe, polepole, kulia, kushoto. Kofia yake ilikuwa juu ya ubao wa kukalia, imewekwa vizuri. Hawakusikia kishindo cha maji, watu sita, katika utulivu ule ambao ungesikia samaki akiruka nusu maili kutoka hapo. Juu ya maji hapakuwa na povu wala duara. Walimtafuta mpaka alasiri, wakazunguka na kuzunguka, wakimwita kwa jina lake halisi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuita Siki.

Wakati wa kurudi, Wull aliteremka kwenye ngama, kule chini yanakojikusanya maji yanayovuja. Alikuwa anatafuta sababu, alisema, sababu yoyote. Pampu ilitoa hewa. Hapakuwa na hata tone. Vumbi la randa la karakanani lilikuwa bado kavu kwenye pembe.

Bathia alikuwa juu ya ngazi, anaandika namba ya chombo kingine, alipoiona Tawi la Mavuno inaingia na Wull ndiye kwenye usukani. Aliteremka. Akaisafisha brashi kwa mafuta, akaikausha kwa kitambaa, akailaza ndani ya sanduku. Kisha akaenda gatini.

Wull akavua kofia. "Dada," akasema.

"Alikuwa anaimba?"

"Ndiyo."

"Na chombo?"

"Kikavu, dada. Kikavu kama kabati."

Bathia akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa jibu la barua aliyoiandika zamani. Akamwambia Wull akale, akawageukia wale wengine watano akawaambia nao wakale.

*

Mwili haukupatikana. Kijiji kilibishana juu ya ile herufi majira yote ya baridi, wengine wakaapa kwamba Hosken aliona mauti ya Siki mle ndani na kuona kwenyewe ndiko kulikompiga kiharusi. Ile alama haikuwepo tena kuwasaidia. Niliifuta mwenyewe kwa tambara na mafuta siku tulipong'oa ubao, na mpaka leo sijui kwa nini nilifanya haraka vile.

Oktoba, Eppie Wiseman aliposhindwa kumtunza mzee, Bathia alimhamishia kwake. Alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko, akamgeuza, akamnyoa. Watu walisema anangoja jibu. Nilimwuliza wazi.

"Ana mdomo wa kulishwa," akasema. "Nani amlishe, wewe?"

"Lakini umemwuliza tena?"

"Mara moja. Sikumwuliza habari ya herufi. Nilimwuliza alimwambia Gilbert nini, cha kumchekesha vile."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Kwa nusu ya mdomo. Kile kicheko cha Gilbert, Watt, chembamba kilekile." Akajifunga vizuri shali yake. "Sikumwuliza tena."

Hosken alikufa Februari, akazikwa karibu na mkewe. James, ndugu wa Siki, aliichukua Tawi la Mavuno, akavua nayo miaka ishirini na miwili, na haikuwahi kuingiza maji. Bathia aliendelea na kazi mpaka macho yalipomchoka. Aliposwa mara mbili, akakataa mara mbili.

Nilizoea kupita kwake Jumapili baada ya kanisa. Siku moja, sote tumeshazeeka, tunakunywa chai, akasema ghafla, bila mimi kumwuliza kitu, "Unajua, Watt, miaka kumi na sita niliishi na Siki. Na wiki tisa niliishi na mume."

Nikaweka kikombe chini.

"Aliniimbia. Aliniletea utepe. Alinitazama kila asubuhi kama mtu aliyerudi safarini. Na mimi wiki zote tisa nilikuwa namtazama kama mtu anayetazama maiti." Akageuza kikombe chake juu ya sahani. "Nilijua herufi, ndilo lililoniponza. Mwanamke asiyejua kusoma angezila zile wiki zote, hata makombo asibakize."

Kisha akaniuliza kama naongeza chai, nami nikasema ndiyo, ingawa nilikuwa nimetosheka, kwa sababu sikutaka kuondoka wakati ule.